Pedali Zisizosimama

Mji mzima wa Lubumbashi haukuwa na mtu wa kuniuzia baisikeli niliyoitaka, kwa sababu kila niliyemweleza aliamini ninatafuta baisikeli mbovu. Nilitaka baisikeli ambayo pedali zake hazisimami. Gurudumu likizunguka, nazo zizunguke. Ukitaka kupumzisha miguu, ushuke. Baisikeli zote za huku zina roue libre, kile kidude cha gurudumu la nyuma kinacholia tiki-tiki na kukuruhusu kutulia huku baisikeli ikiteleza yenyewe. Mimi nilitaka kidude hicho kife. Nilieleza mpaka mdomo ukanikauka, na kila mara nilijibiwa kwa upole ule anaosemeshwa nao mtu ambaye malaria imempanda kichwani.

Sikuwa mwehu. Nilikuwa dereva wa lori mwenye goti la kushoto lililokataa kukunjika. Tulikuwa kwenye foleni ya mpakani Kasumbalesa, foleni ambayo mtu anaweza kuoa na kuachana kabla hajafika kwenye kizuizi, nikapanda juu ya tela kukaza turubai. Wakati wa kushuka niliruka, kama nilivyoruka miaka yote, ila safari hii mguu ulitua juu ya jiwe, goti likavunjika. Plasta ilipotolewa, goti lilibaki limenyooka. Bila goti la kushoto hukanyagi klachi, na bila klachi huendeshi kitu. Bosi wangu, patron kama tunavyosema huku, si mtu mbaya, lakini kungoja hakujui. Alisema atanishikia lori langu mpaka mvua za kwanza, goti likikunjika nirudi, lisipokunjika basi. Akampa mtu mwingine ufunguo kwa wakati huo. Siku moja nililiona likipita, na yule mtu ameshatundika rozari yake kwenye kioo changu. Nilichemka mpaka jioni.

Mama mmoja wa hospitali, anayewafanyisha watu mazoezi ya viungo, ndiye aliyenipa habari za baisikeli. Aliniweka juu ya ile ya hospitali, iliyofungwa sakafuni, akanitazama nikipiga pedali mbele na nyuma, nusu duara, nusu duara, bila kuvuka juu hata mara moja.

“Goti yako inaogopa, baba,” akaniambia. “Ikifika fasi ya kuumia, weye mwenyewe unasimamisha. Inafaa kintu yenye haitakuombaka ruhusa.”

Akanieleza. Roue libre ikiondolewa na gia ya nyuma ikashikamana na gurudumu, basi uzito wa gurudumu lenyewe utaubeba mguu na kuuvusha, utake usitake. Na mikono ya pedali iwe mifupi, ili goti lisidaiwe kukunjika kupita kiasi mwanzoni. Yalikuwa maelezo mazuri. Nilitoka hospitali nikidhani kazi iliyobaki ni kwenda dukani tu.

Dukani! Mwenye duka la vipuri alikuwa mtu wa Kivu ya Kaskazini, mlokole, mwenye aya ya Biblia juu ya mlango na Kiswahili kinachotushinda sisi wa Katanga kwa utulivu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kama fundi aliyenituma ana ugomvi na mimi. Gia ya nyuma isiyo na roue libre hajawahi kuiagiza, wala hajui mtu aliyewahi kuiulizia. Watu wote wanaonunua kwake wanabeba makala, yaani mkaa, kutoka porini, magunia yamewazidi urefu, na mtu wa makala akipata mteremko anataka kupumzika. Nikamwambia sibebi makala. Akaniambia basi ninunue baisikeli ya kawaida nimshukuru Mungu. Mwishowe alinipa gia ya mbele yenye meno machache, akaniombea, na kunitoa na mnyororo ambao haukulingana nayo.

Mnyororo huo nusura univunje moyo. Nilikuwa sijui kwamba minyororo ina unene tofauti. Ile ya baisikeli zenye gia nyingi ni myembamba, na ya gia moja ni minene. Ule wangu mwembamba ulipanda juu ya meno manene, ukakaa pale juu, haushuki. Nikarudi kuubadilisha. Mtu wa Kivu alisema mnyororo ni mzuri, yaliyo mabaya ni mawazo yangu, akaniuzia mnene kwa bei kamili.

Na fremu nayo ilikuwa na shida yake. Kwanza nilipumbazwa na baisikeli ya mbio iliyoletwa kutoka Ulaya na mitumba, nyepesi, rangi ya samawati, ungeitundika sebuleni. Nilipoifikisha nyumbani niliona kwamba mahali ekseli ya nyuma inapokaa kumekatwa kwa kushuka chini. Gurudumu likishaingia halivutwi nyuma hata unywele mmoja, na mnyororo wa gia moja lazima uvutwe ndipo ukaze. Ulining'inia kama kamba ya kuanikia nguo. Nikairudisha, nikachukua fremu nzito nyeusi ya kubebea makala, yenye nafasi ndefu ya kuvuta gurudumu na stendi pana ya miguu miwili inayoinua nyuma yote. Niliona uchungu kuiacha ile ya samawati, nisidanganye.

Mikono ya pedali niliitoa kwenye baisikeli ya mtoto. Gia ya nyuma tuliitengeneza wenyewe, mimi na fundi mmoja wa mtaa wa Katuba, kwa kuiziba roue libre kwa moto wa kuchomelea. Nasema tuliitengeneza, lakini kwanza tuliungoja umeme. Umeme ukija, fundi yuko msibani. Fundi akirudi, umeme umeondoka. Alipoichomelea hatimaye na mimi nikaijaribu, nilirudisha pedali nyuma kwa nguvu ili kupunguza mwendo, na gia nzima ikajifungua ikazunguka bure. Nilitukana. Tukaongeza nati bapa juu yake, ile inayobana ekseli ya pedali kwenye fremu za zamani, tukaikaza kwa nyundo na patasi. Ikakubali. Fundi alinitazama nikiondoka, akaniomba nisiwaambie watu ni yeye aliyeifanya.

Niliumia sana siku za kwanza, nilipiga kelele barabarani watu wakageuka. Lakini gurudumu halikuniomba ruhusa. Lilichukua mguu, likaupandisha, likauvusha. Baada ya muda goti lilianza kulegea, nikaweza kuvaa soksi bila mke wangu. Jioni moja nilikaa kwenye kiti cha plastiki nikakanyaga klachi ya hewani, nikaifikisha nusu. Nilifurahi peke yangu, nikamwonyesha mke wangu, akapiga vigelegele. Mvua zilikuwa bado.

Ndipo mama mkwe akaja kutoka Sakania. Alikuja kwa sababu yangu, alisikia mkwe wake haendi kazini, akafunga unga wa mahindi na samaki wakavu akapanda treni. Kwa watu wa upande wake, mama mkwe na mkwe hawachezi. Hatupeani mikono. Hatukai mkeka mmoja wala hatuli sahani moja. Akitokea mlangoni mimi natoka kwa dirisha, kama msemo ulivyo kwa vijana wa mtaa wetu wanaotucheka. Akiwa na neno kwangu anamwambia binti yake, hata nikiwa nimesimama hapo hapo, na mimi najibu kwa njia ile ile. Katika miaka yote ya ndoa yangu hakuwahi kunisemesha uso kwa uso. Ni heshima, na mimi niliipenda, kwani mtu usiyesemeshana naye hamwezi kugombana.

Asubuhi moja nikiwa hospitali alitaka kufagia uani. Baisikeli ilikuwa njiani, akaisukuma. Baisikeli ya kawaida ukiisukuma, pedali zinakaa kimya. Yangu ukiisukuma, pedali zinazunguka. Ilimpiga muundi kwa nguvu. Mwanamke mwingine angeitukana na kuiegemeza ukutani. Yeye alimwonea huruma mkwe wake. Aliona ndiyo sababu mguu wangu hauponi, kwamba mtu maskini anajitesa na chombo kibovu na hana mtu wa kumsaidia. Akauza samaki wake kwa majirani, akamwita fundi wa kupita.

Niliporudi, baisikeli ilikuwa inang'aa. Waliipaka mafuta. Gurudumu la nyuma lililia tiki-tiki kama la kila mtu. Ile mikono mifupi ya mtoto ilikuwa imetolewa, imewekwa mirefu ya mtu mzima. Vipuri vyangu vya zamani, pamoja na ile nati, fundi alivichukua akaviuza kwa watu wa vyuma chakavu. Mama mkwe alisimama kando ya mlango, kitambaa kimeshuka usoni kwa adabu, akamwambia mke wangu nisikie, akiiita baisikeli kinga kama wanavyoiita kwao:

“Ambia mukwe yangu, kinga yake ilikuwa mugonjwa. Nilishatengenezesha.”

Nilishukuru. Ningefanya nini? Nilichutama kadiri goti lilivyoniruhusu, nikapiga makofi ya pole pole kama inavyotakiwa, nikamwambia mke wangu amwambie mama kwamba nimepokea kwa mikono miwili. Kisha nikaingia chumbani nikauma mto. Sijawahi kukasirika hivyo maishani mwangu. Foleni za mpakani zilinikasirisha, maofisa wa forodha walinikasirisha, lakini hao unaweza kuwatukana ukishafunga kioo. Huyu alikuwa nje, anaimba, anapika bukari, ugali wetu, kwa ajili yangu.

Na sikuweza kuibadilisha. Zawadi ya mama mkwe huivunji mbele ya macho yake, na macho yake yalikuwa uani kutwa nzima. Nikawa natoka na baisikeli iliyopona, na goti likarudia ujanja wake. Likikaribia maumivu, pedali zinasimama, tiki-tiki, nateleza vizuri kabisa. Mguu wa kulia ulifanya kazi yote. Soksi zikarudi kuvalishwa. Mawingu yakaanza kujikusanya mchana upande wa Kipushi, na mimi nikawa mtu wa kufoka kwa kila kitu, chumvi, redio, jirani, mpaka mke wangu akasema nikifoka tena atakwenda Sakania na mama yake. Nikamweleza yote. Nikamkataza kumwambia mama.

Alimwambia. Nilijua amemwambia kwa sababu siku hiyo nje hakukuimbwa.

Nilimpelekea fundi wa Katuba lile gurudumu, sasa kwa ruhusa. Alilitazama akatikisa kichwa. Yule wa kupita alikata kwa msumeno, hesi za kukazia nati zimeliwa, hakuna kitakachokaza pale. Kitahitajika kitovu kipya cha gurudumu, na mtu wa Kivu alisema mzigo wake bado uko njiani. Nikalirudisha gurudumu nyumbani na roue libre yake. Nikaweka baisikeli juu ya stendi katikati ya uani, nikapanda, nikapiga nusu duara, nusu duara, kwa hasira tu.

Mama mkwe alitoka jikoni. Nilishika breki ili nishuke nimpishe, lakini hakupita. Alikuja moja kwa moja mpaka nilipo, akakaa chini kwenye vumbi karibu na pedali ya kushoto, akavua kitambaa kilichofunika uso wake, akaufunga nacho mguu wangu kwenye pedali. Mikono yake ilinigusa. Nilitazama ukuta. Mke wangu aliweka mkono mdomoni.

“Mimi njo niliharibu,” akasema, na hakumwambia binti yake. “Mimi njo nitazungusha.”

Akazungusha. Ana mikono ya mtu aliyetwanga maisha yake yote. Goti lilipofika juu na kukataa, alisukuma, na mikono ile mirefu ya pedali ilinipasua mpaka machozi yakatoka, na hakusimama. Nilimwita mama, nikamwomba aache, akajibu kwamba hata kuzaa kunaumaka. Majirani walijaa ukutani. Wazee wa upande wake wangeona mambo yale, sijui wangesema nini. Ikawa hivyo asubuhi na jioni. Hatukuzungumza mengine, na akimaliza alijifunika tena akarudi kwenye adabu yake.

Mvua ilikuja mapema mwaka ule. Ilinyesha mchana mmoja, ya kwanza, yenye upepo, na kabla matone hayajakauka nilikwenda kwa bosi na fimbo yangu ya kutembelea. Nilimwomba nijaribu. Nilipanda, nikakanyaga klachi, ikashuka, ikashuka, ikabaki kidogo isifike sakafuni. Nilisukuma mpaka jasho likaniingia machoni. Ilibaki pale pale. Bosi alisema pole, na alisema kwa moyo, na lori likaondoka na yule mtu na rozari yake.

Nilirudi nyumbani kwa miguu. Nilitaka kumwambia mama mkwe yote, kwamba bila huruma yake ningekuwa njiani kwenda Kasumbalesa saa ile. Nilimkuta uani. Alikuwa amepangusa maji kwenye kiti cha baisikeli na ameshakaa chini, kitambaa mkononi. Aliniona uso, akaelewa, na mimi nikaelewa kwamba ameelewa. Nikamwambia aamke atoke kwenye matope, kazi imekwisha, lori limekwenda.

“Camion ilikuwa ya patron,” akasema. “Goti iko yako. Panda.”

Nikapanda.