Bei ya Pikapu na Chuma Kilicho Chini Yake

Nakumbuka asubuhi moja ya Jumamosi, mwanangu, nilipoingia kwenye yadi ya magari kule Changamwe, upande wa Airport. Nilikuwa na miaka thelathini na miwili, diploma ya ufundi wa mitambo mkobani, na akiba ya miaka sita ya Uarabuni benki. Nilikuwa nimevaa shati jeupe lililopigwa pasi. Mtu anayekwenda kununua gari kuukuu havai shati jeupe, kwa sababu atalazimika kulala chini, lakini hilo sikuliwaza siku ile.

Nikwambie kwanza mimi ni nani. Vijana wa Magogoni siku hizi wananiona na gereji yangu na pikapu zangu tatu, wanadhani nilivikuta. Sikurithi hata spana. Ada ya diploma niliilipa kwa kubeba magunia bandarini. Uarabuni nilianza kwa kuosha magari ya watu, nikamaliza nikiwa msimamizi wa karakana yenye mafundi kumi na wanane. Ndiyo, najisifu, na kila ninachojisifia nimekitolea jasho. Kwa hivyo hata kosa langu nataka ulisikie kwangu mwenyewe, si kwa majirani.

Niliporudi nilikuwa na jambo moja tu moyoni: nisiondoke tena. Binti yangu Rukia, aliyezaliwa baada ya likizo yangu ya pekee, alikuwa na miaka minne, naye alinijua kwa sauti ya simu tu. Wiki ya kwanza nikiingia nyumbani alijificha nyuma ya mama yake. Wiki ya tatu alianza kunipokea mlangoni. Basi nikaamua: akiba ile itanunua pikapu moja nzima ya dizeli, ibebe matofali na simiti kwenda kwenye majengo ya Kisauni, na itatulisha. Ikinishinda, hapakuwa na njia nyingine ila kutia saini mkataba mwingine na kupanda ndege.

Kilichonitia kiwewe ni bei. Nilipotua, pikapu ya namna niliyoitaka ilikuwa laki saba. Mwezi wa pili ikawa laki saba na nusu. Jumamosi ile dalali wa yadi, Saidi, alinitajia laki nane na nusu bila kupepesa macho.

"Injinia, wewe msomi, dola waiona inavyokwenda," akaniambia. "Meli ijayo ikishusha, hii hii utaisikia kwa laki tisa. Mimi sikulazimishi, wallahi. Kuna mtu wa Mtwapa anakuja adhuhuri."

Nikafungua boneti. Hapo, mwanangu, nilikuwa nyumbani kwangu. Niliigusa injini kwanza nihakikishe ni baridi, maana muuzaji mjanja huipasha moto kabla hujafika ili iwake kwa urahisi. Nikaiwasha. Iliwaka mara moja, moshi ukatoka kidogo ukakatika. Nikafungua kifuniko cha oili ikiwa inanguruma, hakikuruka wala kutema. Injini ilikuwa nzima kweli, sitaidhulumu.

Lakini kule nilikotoka ni jangwani, na jangwani kinachoua gari ni joto. Kwa miaka sita macho yangu yalizoea injini, rejeta na mipira ya maji. Chini ya gari kulikuwa na vumbi tu, na vumbi halili chuma. Nikalikagua gari la Mombasa kama niko bado jangwani.

Nilikuwa nimefuatana na shangazi yangu Mwanakombo, dada mkubwa wa marehemu baba. Mama ndiye aliyenishurutisha niende naye. Shangazi hakujua kuendesha gari, lakini alikuwa amekodi pikapu za watu zaidi ya miaka ishirini, akileta nazi kutoka upande wa Likoni hadi sokoni Kongowea. Mimi nikiwa kwenye injini, yeye alizunguka nyuma, akasimama karibu na bodi, pale panapopakiwa mizigo.

"Hamisi," akaniita. "Hebu njoo uwaone nzi."

"Nzi, shangazi?"

"Gari limeoshwa, limepakwa rangi, lanukia sabuni. Mbona nzi wamejaa hapa kwenye kiungo cha bodi, na gari hilo la pembeni halina hata mmoja?"

Saidi akacheka. "Mama, nzi wa Changamwe hawana adabu, hutua popote."

"Wana adabu kuliko madalali. Hawa hawajadanganywa na sabuni," shangazi akamjibu. "Gari hili limebeba samaki, tena si siku moja. Maji ya barafu na chumvi yamechuruzika humu miaka. Chini kukoje?"

Hakungoja jibu. Alikusanya buibui lake, akainama, akaingiza ufunguo wa nyumba yake chini ya bodi na kukwaruza ile chesisi, yaani zile mbavu mbili ndefu za chuma zinazobeba gari zima. Rangi nyeusi mbichi ikabanduka, na kutu ikatoka nayo kwa vipande, kama maganda ya kitunguu. Akaniwekea kipande kiganjani.

"Sikwambii usinunue," akasema. "Injini umesema ni nzima, nakuamini, umesomea. Lakini kamuulize fundi wa kuchomelea atataka ngapi kukitengeneza chuma hiki, na gari litakaa siku ngapi bila kazi. Zitoe hizo kwenye laki nane na nusu. Kitakachobaki ndicho umpe Saidi. Akikataa, twende zetu tukanywe chai."

Sasa sikiliza nilivyomjibu shangazi yangu, dada ya baba yangu, mbele ya dalali.

"Shangazi, nazi nakuachia wewe. Magari niachie mimi."

Saidi aliangalia chini. Shangazi alijifuta mkono. "Haya, baba," akasema. "Nimesikia." Akatoka, akaenda kunisubiri langoni.

Sitamsingizia Saidi. Aliniuliza, "Injinia, wataka tuliinue kwa jeki uangalie?" Nikamwambia hakuna haja. Nilifikiria shati langu, nikamfikiria mtu wa Mtwapa, nikaifikiria laki tisa. Nikalipa.

Lilifanya kazi miezi minne. Mwezi wa tano, kwenye barabara ya mashimo ya Magogoni, nikiwa na shehena ya matofali, nilisikia mlio kama wa mbao kubwa inayovunjika. Gari likasimama. Nikajaribu kufungua mlango, haukufunguka. Nikajaribu wa pili, nao haukufunguka. Chesisi ilikuwa imepinda nyuma ya kichwa cha gari, milango ikabanwa. Nilitokea dirishani, miguu mbele, watu wote wakiangalia.

"Injinia!" mama mmoja muuza viazi akaniita. "Gari lako limechoka, limekaa kitako!"

Walicheka, na mimi nilicheka nao, kwa sababu sikujua la kufanya na uso wangu. Mafundi watatu waliliangalia. Wa kwanza alikataa kulichomelea. Wa pili pia alikataa. Wa tatu alisema atalichomelea, lakini yeye mwenyewe hatalipanda. Injini niliuza kwa mtu wa Likoni. Nasikia ilimfanyia kazi miaka mingi. Diploma yangu haikukosea kuhusu injini.

Nikatia saini mkataba mwingine wa Uarabuni, na kabla ya kusafiri nilivuka feri kwenda kwa shangazi.

"Shikamoo, shangazi. Nimekuja kuomba radhi."

"Marahaba. Radhi nilikupa palepale langoni. Kaa ule."

Nikala. Baadaye ndipo aliposema, taratibu, akiwa anaosha vikombe: "Wewe hukukosa elimu, Hamisi. Bei ilipopanda uliingiwa na hofu, na mwenye hofu haangalii chini. Kisha ukaona haya kuinama mbele ya dalali, ukiwa injinia. Mimi ni mwanamke mzima, niliinama."

Nilikwenda miaka mitatu. Niliporudi, Rukia alikuwa na miaka minane. Aliniamkia kwa heshima, akanivutia kiti, kisha akamwendea mama yake jikoni. Nikamsikia akiuliza kwa sauti ya chini kama mgeni atakula nao. Pesa za gari lile nilizipata tena, tena mara nyingi. Miaka ile mitatu haiuzwi kwenye yadi yoyote.

Leo bei zimepanda kuliko wakati ule, mwanangu, na kila wiki kijana mmoja ananionyesha picha ya pikapu kwenye simu, ananiuliza: mzee, hii ni bei halali? Nami humjibu kwamba picha haina upande wa chini. Elewa bei hizi zinavyokwenda. Gari jipya likipanda, kuukuu nalo hupandishwa, lililo zima na lililooza pamoja. Kupanda kwa bei hakujaondoa kutu hata ya ukubwa wa kucha. Kwa hivyo usiulize gari linauzwa ngapi mpaka ujiulize limebakiwa na kazi kiasi gani, na kazi yako wewe ni ipi. La kubeba mboga si la kubeba mawe. Uliza lilibeba nini kabla yako, na usiridhike na jibu la mdomo. Lala chini, hata kama umevaa kanzu ya Ijumaa. Gari bovu si haramu kulinunua. Lina bei yake, nayo ni ile inayobaki ukishatoa gharama ya kulitengeneza na siku litakazolala. Na dalali akikwambia kuna mtu anakuja adhuhuri, mwache huyo mtu aje. Magari yatakuwapo hata Jumatatu.

Tena nenda na mtu anayelijua gari kwa kulifanyia kazi: mpakiaji, mwenye kukodi, muuza nazi. Akisema neno, lisikilize mpaka mwisho, hata kama huna nia ya kulifuata. Mimi nina diploma, na bado nawaita.

Mola akupe riziki ya halali na jicho la kuitambua. Akujaalie gari litakalokutoa asubuhi kwenda kazini hapahapa kwenu, na likurudishe kila siku watoto wakiwa bado macho, wakukimbilie mlangoni wakikuita baba. Amin.