Kichwa cha Ngege

Mwenyekiti wa timu yetu hapa Sori huwasaili makocha akiwa anakula. Hukunja mikono ya shati, huosha vidole vyake vinene kimoja baada ya kingine, kisha humchambua samaki wake, ngege wa ziwani, taratibu kuanzia mkiani. Kichwa hukiacha mwisho, na hajawahi kumgawia mtu, hata pasta. Sisi wa kamati tumezoea kumeza mate.

Juzi walikuja watatu. Imebaki mechi moja, tukipoteza tunashuka daraja, na mechi yenyewe ni Jumamosi. Kipa wetu Jacktone ni Msabato. Mwenyekiti akawauliza swali moja tu, mdomo umejaa ugali: "Sasa huyu Jacktone mtamfanyia nini?" Wa kwanza akasema atamweka benchi. Mwenyekiti akatoa mwiba mdomoni. Wa pili akasema atamsomea Biblia mpaka akubali kucheza. Mwenyekiti akatoa mwiba mwingine, mrefu zaidi. Wa tatu, mama mmoja kutoka Rongo, akauliza, "Kwani hao tunacheza nao ni wa kanisa gani?"

"Wakatoliki wa Mfangano."

"Basi nitaenda niwaombe tucheze Jumapili, misa ikiisha. Wakikataa, tutatafuta kipa mwingine, lakini Jacktone atajua nilimwombea."

Mwenyekiti akaacha kutafuna. Akakitazama kile kichwa kwa huzuni, kama mtu anayemuaga ndugu, halafu akaisukuma sahani yote upande wa yule mama.

"Kula haraka, kocha," akasema. "Boti ya Mfangano inatoka saa nane."