Rupia ya Susu Mbithe

Hata leo nikipita karibu na kanisa letu pale Mbumbuni masikio yananiwaka, na aibu yenyewe ilianza na kitu kidogo tu: nilitoa lenzi mfukoni.

Mimi ni fundi wa saa, kibanda changu kiko Emali, na ile lenzi ya kuvaa kwenye jicho natembea nayo hadi kanisani (msiniulize ya nini, ni maringo tu). Jumapili hiyo ilikuwa ya mavuno, na mnajua mavuno ya kwetu, ibada ikiisha kila kilicholetwa kinanadiwa, kuku, mbaazi, maboga, ili kanisa lipate mabati. Mara Susu Mbithe, nyanya wa kijiji kizima, akafungua kitambaa akaweka mezani sarafu nyeusi, imepinda, ukingo umelika upande mmoja.

"Ni rupia ya fedha," akasema. "Ilikuwa ya mama yangu."

Pasta akaigeuzageuza, akauliza kama kuna mtu anayejua vitu hivi. Sasa mimi ningekaa kimya ningepungukiwa na nini? Lakini kusema kweli nilitamani kuijua ile sarafu, mikono ilikuwa inaniwasha, na tena watu walikuwa wameshageuka kuniangalia.

Nikavaa lenzi. Kichwa cha mfalme kilikuwa kimefutika, imebaki pua na ndevu. Nikaiangusha sakafuni nisikie mlio, maana fedha safi hulia kama kengele ndogo, hii ikalia ko, halafu ikaviringika chini ya benchi za akina mama, na fundi mzima nikaitafuta kwa magoti katikati ya viatu na vikapu ("Fundi, hapa si Emali," mmoja akaniambia). Nilipoinuka na vumbi kwenye suti nilikuwa nimeshachekwa vya kutosha na nilitaka kumaliza na ushindi, basi nikatoa tupa (ndiyo, tupa pia natembea nayo) nikakwaruza pale ukingo ulipolika. Chini ya ule weusi kukatokea njano.

"Hii ni shaba imepakwa fedha juu," nikatangaza kwa sauti ya redio. "Ni feki."

Sikuwa nimefikiria kwamba kumwambia mtu sadaka yake ni feki ni kumwambia amekuja kumdanganya Mungu mbele ya watu, na huyu ndiye aliyetufundisha karibu sote Sunday school. Pasta akaisukuma sarafu kando polepole, huko kwa maboga.

Susu akasimama, akaichukua, akanirudishia mkononi.

"Mutuku, hebu kwaruza huu upande ingine."

Nikakwaruza. Nyeupe. Nikakwaruza tena juu kidogo (nikitumaini, Mungu anisamehe, kwamba itatoka njano), nyeupe pe pe pe.

"Baba yangu alikuwa anatengeneza mikufu," akasema. "Hii rupia aliitoboa shimo, mama akaivaa kwa shingo. Hiyo shimo ikapasuka, baba akaziba na shaba. Wewe umekwaruza kiraka ya baba."

Hakuna aliyecheka, na ningefurahi wangecheka. Mnada ulipofika kwa rupia nilinyoosha mkono na sikuushusha mpaka wengine wakachoka, halafu nikampelekea, maana kwetu ukishinda kitu unaweza kumrudishia aliyekileta. Akakataa.

"Mimi nilishapea Mungu. Hii ni yako, kaa nayo. Ukiona hizo alama zako utanikumbuka."

Sasa iko kibandani, juu ya meza yangu. Mara kwa mara naichukua naiangalia, na kinachonisumbua ni kwamba kwa lenzi ileile, kabla ya tupa, sikuona fedha inaishia wapi na shaba inaanzia wapi. Mzee yule alifanya kazi yake bila lenzi. Mimi nimelehemu vitu vingi na kiraka kama kile sijawahi kukiweza.

Kwa hivyo niliapa: kitu cha mtu sikitolei hukumu, wala sikigusi na tupa, kabla sijauliza kimepita mikononi mwa nani. Mwezi uliopita Susu Mbithe akaja Emali na saa ya ukutani iliyokwama. Nikaweka lenzi mezani, nikamuuliza kwa heshima ni nani aliyewahi kuifungua.

"Ni wewe," akasema.