Nyuzi Zilizolala

Kazini walimwita Mama Kioo, maana hungemkuta bila kipande cha kioo mkononi. Juu ya kioo hicho zilipandwa nyuzi za polima, jamii ya plastiki, nyembamba zisizoonekana kwa jicho: ncha moja imegandama kwenye kioo, nyingine huru, kama nyasi. Zikitiwa maji, zilisimama. Zikitiwa spiriti, zilisimama vilevile. Kazi yake ilikuwa kupima kimo cha nyuzi hizo kwa mashine ya mwanga.

Alibakiwa na kipimo kimoja tu: maji na spiriti kwa pamoja. Akikimaliza, ruhusa yake ilikuwa tayari, naye angepanda basi kwenda kwa mama yake, anakolelewa binti yake wa miaka minne. Jana alimpigia simu.

"Hujambo, mwanangu?"

"Sijambo. Nani wewe?"

"Ni mama."

"Mama si huyu hapa?" mtoto alijibu, na nyuma yake bibi akacheka kicheko cha aibu.

Tangu hapo maneno hayo yalimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Alichanganya maji na spiriti, akamimina. Mstari wa kimo kwenye skrini ya mashine ukaporomoka. Nyuzi zilikuwa zimelala chali.

"Umezilewesha, Mama Kioo!" alisema Spana, fundi wa mitambo. "Ulizikausha kwanza?"

"Nilizikausha! Acha utani, ndugu yangu. Kioo kikiwa kimeharibika nitapanda nyuzi upya kwenye kingine, na ruhusa ndiyo kwaheri."

Vitu viwili zinavyovipenda, vikikutana viziangushe? Haikumwingia akilini. Alisuuza kioo kwa maji matupu, akakodolea macho skrini. Mstari ukapanda, polepole, mpaka pale pale pa zamani. Akarudisha mchanganyiko: ukaanguka. Kioo kilikuwa kizima. Nyuzi ndizo zilizokuwa na tabia hiyo.

Daktari, mkuu wa maabara, alipoona alipiga kofi mezani.

"Mama, hii ni habari! Kesho tuanze: spiriti robo, nusu, robo tatu. Tujue zinaanguka wapi."

"Kesho nasafiri, Daktari."

"Siku chache tu. Mtoto haendi popote."

Kilichomuuma zaidi ni kwamba naye alitamani kujua. Usingizi ungemjiaje bila kuona ni tone lipi linaloziangusha? Tunawasifu watu wa sayansi kwa kukesha kwao. Hatuulizi watoto wao walilala na nani. Alivua koti jeupe, akalitundika msumarini.

"Nitaanza nikirudi."

"Wenzetu wa maabara nyingine wakituwahi?"

"Watuwahi, Daktari. Mimi nyumbani nimeshawahiwa."



Kesho yake jioni basi lilimfikisha kwa mama yake. Binti alikuwa kizingitini, amerefuka, gauni limekuwa fupi. Mama Kioo akasahau yote aliyopanga kusema njiani. Mtoto alimtazama kuanzia viatu hadi nywele, kisha, kama alivyofundishwa kuwapokea wageni, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba," alijibu.

Bibi alitaka kumsahihisha, lakini Mama Kioo akamzuia kwa mkono. Aliketi hapo hapo kizingitini, begi lingali begani, akaacha nafasi ndogo kando yake, inayomtosha mtoto.