Rimu za Sikukuu ya Mavuno

Mwalimu Matilda aliagizwa Probox. Hilo lazima lisemwe mwanzo, maana watu wa Kisarawe mpaka leo wakianza kumzungumzia huanzia hapo. Mumewe, Mzee Eliya, bwana shamba mstaafu na mzee wa kanisa, alimtuma Dar es Salaam akanunue gari la kubebea korosho na mananasi, gari la heshima, lenye mgongo mrefu na sauti ndogo. Jioni mama akarudi na Altezza ya rangi ya fedha, imeshushwa chini kiasi kwamba ukiingia unahisi umekaa kwenye mkeka, ina gia sita, na bomba lake la moshi lingemeza embe dodo bila kukwaruza maganda. Akasema Probox alikuta imeshauzwa. Mzee Eliya alilizunguka lile gari mara mbili, akafungua buti, akapima kwa macho, akasema yataingia mananasi sitini.

Tangu siku hiyo, mwalimu wa hisabati mwenye miaka hamsini na mmoja, kiongozi wa kwaya, mwanamke ambaye sketi zake zote hufika kwenye vifundo vya miguu, akawa anashuka mlima wa Kisarawe kila asubuhi kwa mngurumo uliowaamsha wagonjwa na kuwawahisha wanafunzi. Wanafunzi walimwita Mama Gia Sita. Alijifanya hasikii, ingawa siku alipolisikia jina hilo mara ya kwanza alijifungia ofisini akacheka mpaka miwani ikaingia ukungu. Mzee Eliya naye alipanda gari hilo siku za kwenda shamba kule Maneromango tu, tena siti ya nyuma, akishikilia mananasi yasibingirike.

Tatizo likabaki miguu ya gari. Lilikuja na rimu za chuma cheusi zilizofunikwa vifuniko vya plastiki, na kimoja kati ya hivyo kilikuwa cha gari la ukoo mwingine kabisa. Kila alipoliegesha shuleni na kugeuka kulitazama, Matilda alijisikia kama aliyemuona mtu kavaa suti na malapa. Akaanza kutazama magari ya watu. Akiwa msibani anatazama rimu, akiwa harusini anatazama rimu, na mara moja, kwenye maegesho ya ofisi za mkoa kule Kibaha, mlinzi alimkuta amechuchumaa kando ya gari la mkubwa fulani akisoma maandishi ya tairi, ikabidi aseme amedondosha hereni.

Na hapa mimi nampenda huyu mama. Alikuwa amesomesha wadogo zake, amelea watoto wanne tangu Amon wa kwanza, amefundisha nusu ya wilaya kutafuta eneo la duara, na kila senti aliyopata ilikuwa imeshapangiwa kazi kabla haijafika mkononi. Sasa, kwa mara ya kwanza maishani, alitaka kitu ambacho hakina faida kwa mtu yeyote isipokuwa yeye. Alikitaka sana, na aliona aibu kukitaka. Mbaya zaidi, pesa za kuku wake wa mayai alikuwa amekubaliana na mumewe kwamba zitaweka vigae sebuleni.

Basi akawa anaaga anakwenda Kibaha kwenye vikao vya mitihani ya mkoa. Vikao vilikuwepo kweli, ila havikuwa vingi kiasi kile. Vingine vilifanyika Maili Moja, hapo hapo Kibaha, kwa Mwinjuma, muuzaji wa rimu zilizotumika za kutoka Japani.

"Shikamoo mama," Mwinjuma alimpokea siku ya kwanza. "Karibu. Unamtafutia kijana?"

"Marahaba. Najitafutia mwenyewe."

Mwinjuma akalitazama gari, akamtazama mama, akalitazama gari tena. Kisha akatoa rimu za inchi kumi na tisa, zinang'aa kuliko sufuria za bibi harusi. "Hizi ukifunga, mama yangu, unaonekana mpaka Mlandizi."

"Sitaki kuonekana Mlandizi. Nataka kufika Maneromango."

Akamweleza, kwa sauti ile ile anayofundishia Kidato cha Pili, kwamba rimu ikiwa kubwa, ubavu wa tairi lazima uwe mwembamba, la sivyo gurudumu halienei. Na ubavu mwembamba kwenye barabara ya Maneromango ni kulitafuta shimo kwa rimu yenyewe. Mwinjuma akakubali huku akitoa nyingine. Hizo zilikuwa pana, na alipoishikiza moja kwenye gari ili waone, ilitokeza nje ya bodi kama magoti ya mtu mrefu aliyekalia stuli fupi. Zikafuata za tundu nne, na gari linataka tundu tano. Mwinjuma akasema fundi anaweza kutoboa. Matilda alimtazama tu, Mwinjuma akazirudisha ndani.

Vikao vikaendelea. Shuleni, Kidato cha Tatu walipewa swali la kutafuta mzingo wa tairi la inchi kumi na saba na la inchi kumi na nane, na baada ya dakika ishirini za jasho darasa zima likakubaliana kwamba lile la kumi na nane litakwaruza madigadi. Mwalimu aliwapigia makofi kwa furaha ambayo hesabu ile haikustahili. Wiki hiyo hiyo Mwinjuma akafungua kontena jipya, na humo zikawemo: rimu nne za inchi kumi na saba, rangi ya shaba, tundu tano, miale myembamba, hazina mkwaruzo. Matilda alitoa rula mkobani, akazipima moja moja. Alilipa rimu na matairi mapya hapo hapo, vigae vikaenda na maji.

"Nileteeni Jumatatu," alimwagiza Mwinjuma. "Nyumbani hapana. Mshushe kanisani, stoo ya nyuma, ufunguo ninao mimi. Na mtu yeyote akiuliza ni za nani, msiseme."

Sasa, kila mtu wa Pwani anajua kwamba muuza vipuri akikwambia Jumatatu, wewe jipange kwa Alhamisi. Mwinjuma, kwa mara ya kwanza katika biashara yake, akawahi. Alizituma Jumamosi, zimefungwa kwenye viroba vinne vya mbolea ya salfeti, juu ya kirikuu kilichokuwa kinapeleka saruji Kisarawe. Dereva akampigia Matilda simu, lakini Matilda alikuwa kwenye mazoezi ya kwaya na simu kaizima. Stoo ya kanisa alikuwa ameiacha wazi mwenyewe, maana kesho yake ilikuwa Sikukuu ya Mavuno, na waumini walikuwa wakileta sadaka za shambani zitakazonadiwa baada ya ibada ili kuezeka paa la kanisa: mihogo, korosho, kuku, mikungu ya ndizi. Mapokezi alikuwepo Mama Yasinta, katibu wa wanawake.

"Mzigo huu umetoka kwa nani?" akauliza.

"Nimekatazwa kusema," dereva akajibu.

Mama Yasinta akaweka mkono kifuani. Alipofungua kiroba na kuona ile shaba inavyowaka, akaenda mbio kumwita Mchungaji Lusajo.

Jumapili Matilda aliingia na kwaya, wakaimba ubeti wa kwanza, na kwenye ubeti wa pili macho yake yakafika madhabahuni. Rimu zake zilikuwa zimepangwa nne kwa mstari, na matairi yake, zimepambwa kwa maua ya bogenvilia. Juu ya mojawapo alikaa jogoo aliyefungwa miguu. Sauti ya kwanza ya kwaya ikapotea, sauti ya tatu ikaingia mapema, na wimbo ukamalizwa na watoto.

Mchungaji alihubiri kuhusu rimu hizo. Alisema katika miaka yake yote ya utumishi hajawahi kuona muumini aliyetoa kitu cha thamani namna ile na kukataa jina lake kutajwa. Alisema wapo watu wakitoa kuku mmoja wanataka watangazwe kwa kipaza sauti, na hapo baadhi ya waumini wakainamisha vichwa. Akatokwa na machozi. Akaomba usharika wote usimame kimya kumshukuru Mungu kwa ajili ya mtu huyo, aliye humu humu ndani. Matilda alisimama pamoja na wengine. Akisema ni zake, atakuwa anamnyang'anya Mungu mchana kweupe, tena mbele ya mume ambaye hajui kuwa vigae vimeshaota miguu. Asiposema, zinauzwa.

Aliyekuwa ananadi kila mwaka ni Mzee Eliya.

Walipotoka nje, ikauzwa mihogo, wakauzwa kuku, na jogoo wa kwenye rimu akanunuliwa na mchungaji mwenyewe. Matilda alikuwa amekaa kwenye benchi la kwaya, anajifuta jasho, ndipo wazo likamjia, nalo lilikuwa zuri kiasi cha kumfanya acheke kidogo. Kununua mnadani si dhambi! Ni sadaka. Akizinunua mwenyewe mbele ya watu wote, atazifunga kwenye gari lake kwa baraka za usharika mzima, na Mzee Eliya hatakuwa na la kusema. Akawa anamshukuru Mungu kwa njia zake za ajabu.

"Sasa, ndugu zangu," Mzee Eliya akainua kipaza sauti, "tuna rimu nne za inchi kumi na saba, tundu tano, na matairi yake ambayo hayajakanyaga hata kokoto."

Matilda alishangaa kidogo mumewe kajulia wapi habari za tundu tano, lakini hakukuwa na muda wa kushangaa. Akanyoosha mkono. "Laki moja!"

Watu wakageuka. Mama Yasinta akanong'ona kwamba mwalimu ana moyo.

"Laki moja na nusu!" ikatoka sauti nyuma. Alikuwa Shija, kijana wa wafugaji wa Dutumi, mwenye Subaru ya bluu, ambaye dini yake hasa ilikuwa binti mmoja wa sauti ya pili.

"Mbili," akasema Matilda.

"Mbili na nusu."

Matilda akageuka polepole. Alimfundisha Shija miaka minne, na alimtazama vile alivyomtazama siku alipomkuta ameandika majibu kwenye kiganja. Mkono wa Shija ukashuka wenyewe.

"Samahani mwalimu," akasema. "Shikamoo."

Mnada ungekwisha pale, kama si Mzee Eliya. "Mbona mnanyamaza?" akapaza sauti. "Hili ni paa la kanisa! Shija, kijana wangu, mwalimu hakufukuzi shule tena. Namuona mama pale anakuna sikio, nahesabu laki tatu! Asante Mama Amon."

"Sikukuna…" Matilda alianza.

"Tatu na nusu, asante tena! Watu waone mfano."

Alimpandisha mkewe peke yake, ngazi kwa ngazi, watu wanapiga makofi, mpaka alipofika laki tano ndipo akagonga meza: moja, mbili, tatu, kwa pumzi moja. Wanawake wakapiga vigelegele. Matilda alipewa mkono na mchungaji. Rimu zile alikuwa amezinunua mara mbili sasa, mara ya kwanza kwa Mwinjuma na mara ya pili kwa Mungu, na wa pili hakupunguza bei.

Hata hivyo aliendesha kurudi nyumbani akiwa na furaha. Viroba vilikuwa kwenye buti na siti ya nyuma, na Mzee Eliya kwa kukosa nafasi akakaa mbele.

"Ni kwa ajili ya paa," alisema Matilda. "Nikaona, kwa kuwa gari nalo lina uhitaji…"

"Mungu akubariki," akasema Mzee Eliya.

Uani akashusha viroba, akaweka jeki, akafungua gurudumu la kwanza la zamani, akapachika rimu ya shaba. Ikakaa sawasawa, kama ilizaliwa hapo. Akatafuta nati. Akapekua kiroba cha kwanza, cha pili, cha tatu na cha nne, kisha akajaribu zile za zamani, zikakataa. Rimu zile zilikuwa na nati zake, na nati hazikuwepo. Alikaa chini kwenye mchanga na sketi yake ya kanisani, akaona kilio kinakuja.

Mzee Eliya akaingiza mkono kwenye mfuko wa koti. Akatoa mfuko wa nailoni uliofungwa fundo, akauweka mapajani mwa mkewe. Ndani zilikuwa nati ishirini.

"Zililetwa hapa nyumbani jana na bodaboda," alisema. "Mwinjuma wa Kibaha alisahau kuzipakia. Anakusalimia sana. Anasema wewe ndiye mteja pekee aliyewahi kumtolea rula."

Matilda hakuweza kunyanyua uso. "Kwa hiyo ulijua."

"Nilijua."

"Na ukaninadia vitu vyangu mwenyewe."

"Mchungaji alishalia, Mama Amon. Ningefanyaje?" Akavuta ndoo, akaigeuza, akaikalia mbele yake. "Nawe ulinidanganya kuhusu vikao. Laki tano ni adhabu ndogo, tena nimeshalipa mimi kutoka kwenye kiinua mgongo. Ila nataka kujua kitu kimoja. Kwa nini hukuniambia?"

Matilda aliishika nati moja, akaigeuzageuza. "Kwa sababu hazina faida yoyote, Baba Amon. Hazibebi kitu. Hazizai. Nilizitaka tu."

Mzee Eliya akaifuta rimu vumbi kwa kiganja.

"Na mimi tangu nimestaafu," akauliza, "nabeba nini?"

Matilda alimtazama. "Mananasi."

"Nayashikilia tu. Anayebeba ni gari." Akasimama, akavua koti la kanisani, akalitundika kwenye kamba ya nguo. "Na bado umeniweka miaka yote. Haya, nipe hiyo spana."

Walifunga pamoja, yeye akikaza na mkewe akikagua, na nati tatu zikafunguliwa na kufungwa upya kwa sababu mwalimu hakuridhika. Walipomaliza, Altezza ilisimama uani ikiwaka jua la mchana, na Matilda akalia kidogo sasa, kwa raha zake, bila kujificha.

Mzee Eliya alifungua mlango wa mbele, upande wa abiria, akaingia, akagusa ile nobu ya gia yenye namba.

"Hii ya sita," akasema, "huwa unaifikia wapi?"

"Barabara ya Kibaha, ukishapita Kiluvya."

Mzee Eliya akafunga mkanda.