Mbwera Mara Tatu

Ripoti ya kwanza niliyoijenga mwenyewe ilitoka na Mbwera mara tatu. Mhasibu wetu, mama wa makamo aliyehamia Kibiti kutoka Njombe, aliiweka mbele yangu akaigonga kwa kalamu.

"Mwanangu, Mbwera ziko ngapi siku hizi?"

"Moja tu, mama."

"Basi hizi mbili umezizaa wewe. Hongera kwa uzazi."

Ofisi nzima ilicheka. Nilicheka nao.

Ushirika wetu hukusanya mpunga kutoka vituo vitatu: Mtunda, Mahege na Mbwera. Kila kituo kina mpimaji mwenye mizani na simu. Akishapima gunia, hutuma jina la kituo, jina la mkulima na kilo. Kompyuta ya ofisini hupokea, na mwisho wa wiki hupanga ripoti yenyewe. Programu ile ilitengenezwa na kijana wa Dar ambaye baadaye alipata kazi kwingine. Ripoti yake ilikuwa orodha ndefu isiyo na mahali pa jicho kupumzika. Meneja alitaka kila kituo kiwe na fungu lake, na chini ya kila fungu mstari wa jumla ndogo, ili anapopanga malori na boti aone mara moja mzigo uko wapi.

Kazi hiyo alinipa mimi. Nilianza ushirika kwa kupima kwenye mizani Mbwera, kisha nikaletwa ofisini, na kijana yule alipokuwa akifanya kazi nilikuwa namkalia pembeni na kumuuliza kila kitu mpaka akachoka.

"Ikikushinda mpaka Ijumaa," meneja aliniambia, "namwita mtu kutoka Dar. Wewe utarudi kwenye mizani. Si adhabu, ni kazi tu."

Kwake ilikuwa kazi tu. Kwangu kurudi kwenye mizani kulikuwa na maana moja: kulala kituoni Mbwera na kuwaacha wadogo zangu wawili, wanaosoma hapa Kibiti. Wazazi wetu walipofariki, siku ya kuondoa matanga, ndugu walikaa kwenye mkeka wakatugawa. Mdogo wangu wa kiume aende kwa shangazi Mtunda, wa kike kwa baba mdogo Mahege, mimi nibaki Mbwera na bibi. Nilikuwa nimeshaacha shule kidato cha pili. Nikasema hatugawanywi.

"Utawalisha nini?" baba mdogo aliuliza. "Maneno?"

"Nitafanya kazi, baba."

Alinitazama sana. "Haya. Lakini siku ukiyumba, nakuja kuwachukua." Hakuwa mtu mbaya. Tangu siku hiyo hunipigia simu kila Ijumaa baada ya swala, kuuliza kama bado tuko pamoja.

Kwa hiyo nilirudi mezani. Agizo nililoipa kompyuta lilikuwa rahisi: shuka kwenye orodha, na kila jina la kituo linapobadilika, funga fungu na uweke jumla ndogo. Nilikuwa nimelijaribu kwa majina machache ya kubuni na likakubali. Sasa nikachapisha orodha yenyewe, jinsi ujumbe ulivyoingia, nikaisoma taratibu kama mtu anayesoma barua ya nyumbani.

Mtunda walipima siku yao wakamaliza. Mahege nao vivyo hivyo. Mbwera ndiyo iliyokuwa imekatikakatika: magunia kadhaa, kisha Mtunda, kisha Mbwera tena, kisha Mahege, kisha Mbwera mara ya tatu. Nilipaona pale dikoni Mbwera, mitumbwi inapoegeshwa, kana kwamba nimesimama hapo. Maji yakijaa, mitumbwi inaingia na mpimaji hapumui. Maji yakipwa, mitumbwi inakaa kwenye tope huko mbali, naye anakaa juu ya gunia akinywa chai mpaka maji yarudi. Nilikuwa nimekaa juu ya magunia hayo mwenyewe, lakini nilipokuwa naandika agizo sikukumbuka kabisa. Kompyuta ilidhani kila maji yanapojaa ni kijiji kipya.

Dawa ilikuwa kupanga kwanza. Orodha yote ipangwe kwa jina la kituo, ndipo mafungu yafungwe. Nikaongeza agizo hilo juu ya lile la kwanza. Mbwera ikatoka moja, na mstari wake mmoja chini.

Nilimpelekea mhasibu nikijiona mshindi. Alishuka kwa kidole mpaka jumla kuu, akanyanyua miwani.

"Mpunga wote huu umelimwa wapi? Hadi barabarani?"

Jumla kuu ilikuwa mara mbili ya mzigo.

"Kaa hapa," alisema, akasogeza kiti. "Umehesabu magunia, halafu ukahesabu na jumla za magunia yale yale. Mstari wa jumla ndogo ni wa kusomwa. Usiujumlishe tena."

Nikaweka alama kwenye kila mstari wa jumla ndogo, na nikaiagiza jumla kuu iiruke mistari yote yenye alama. Alikaa nami mpaka ikakubali, huku akinisimulia baridi ya kwao, ambayo sikuiamini.

Ijumaa meneja aliisoma ripoti akiwa amesimama. Kidole chake kilikaa kwenye jumla ndogo ya Mbwera.

"Kumbe mzigo uko huku. Boti iende Mbwera kesho."

Nilisubiri. 

"Na yule mtu wa Dar?" nikauliza.

"Wa kufanya nini?" Alishaanza kutafuta namba ya mwenye boti.

Simu yangu iliita nikiwa naingia nyumbani. Wadogo zangu walikuwa kwenye mkeka, wakigombania ukoko.

"Vipi huko?" baba mdogo aliuliza. "Nije?"

"Njoo kula, baba," nilimwambia. "Wa kuchukuliwa hayupo."