Sisi Wawili na Sisi Elfu Mbili

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa jina ambalo sikubatizwa nalo. Ilikuwa katika karakana ya chama cha ushirika, Musoma mjini, na mimi nilikuwa nimetoka kijijini Guta nikiwa na cheti cha darasa la saba na ovaroli ya kuazima. Fomeni, yaani msimamizi wa mafundi, alikuwa ameinamia injini ya pikapu. Bila kuinua kichwa akaniuliza, "Hii ina sisi ngapi?"

Nikatazama kulia na kushoto. Hakukuwa na mtu mwingine.

"Sisi wawili, mzee," nikajibu kwa adabu.

Alicheka mpaka spana ikamponyoka. Kisha akanifundisha somo langu la kwanza: ile sisi ni herufi C mbili, kipimo cha nafasi ambamo pistoni hupanda na kushuka, silinda zote zikijumlishwa. Sisi elfu moja ni sawa na lita moja. Kufikia jioni karakana nzima ilikuwa ikiniita Sisi Wawili, na hadi leo wapo watu wa Bunda wanaodhani ndilo jina la baba yangu.

Vijana wanaosoma haya hawakuiona miaka ile ya uhaba, basi niieleze kidogo. Hapakuwa na betri, matairi wala mafuta ya uhakika. Dereva mwenye akili aliegesha gari mteremkoni, kwa sababu asubuhi angeliwasha kwa kuliachia liserereke. Unakanyaga klachi, unatia gia ya pili, gari likishika mwendo unaiachia klachi ghafla, magurudumu yanaizungusha injini nayo inawaka. Pale mtaa wa Mukendo, Musoma, magari yalipangwa yakitazama chini kama ng'ombe wanaokwenda kunywa maji. Pasipo na mteremko tulisukuma. Nadhani nimesukuma magari mengi kuliko niliyotengeneza.

Vipuri visipokuwepo, fundi hana la kufanya ila kuongea. Mhandisi mmoja alipohama alituachia ukurasa wa gazeti la magari, na Fomeni akaubandika kwa grisi ndani ya mlango wa kabati la spana. Ulikuwa na picha ya gari la spoti, la milango miwili, limelala chini kama kenge. Chini ya picha kulikuwa na jedwali: injini ndogo na injini kubwa, gia za mkono na otomatiki. Kiingereza changu nimekipatia humo, neno moja baada ya jingine, kwa msaada wa kamusi ya katekista wetu. Hatukuwa tumeliona gari la namna ile, lakini tulibishana juu yake kama watu wanaochagua mchumba. Maro, dereva wa lori la pamba, alitaka injini kubwa kuliko zote. Mimi nilitaka ndogo yenye gia tano za mkono. Nilikuwa na sababu zangu: gari jepesi halihitaji sisi nyingi, na gia tano humpa dereva nafasi ya kuchagua nguvu au mwendo.

Fomeni alikuwa upande wangu. Kwake otomatiki haikuwa gari. "Gari inayojibadilishiaga gia yenyewe ni ya mgonjwa," alisema. "Mtu mzima ana miguu miwili. Wa kushoto Mungu aliuumba kwa ajili ya klachi." Alilisema hilo mara nyingi kiasi kwamba likawa methali ya karakana. Siku moja, akiwa amesimama mbele ya picha, aliniambia kwa sauti ya chini kwamba kabla hajafa ataendesha gari kama lile, mwenyewe, kutoka Musoma mpaka kwao Butiama.

Sasa nieleze habari ya giaboksi, yaani sanduku la gia. Giaboksi ya lori haishushwi bila jeki maalumu, nayo yetu ilikuwa imevunjika. Meneja alikuwa amepiga marufuku kuishusha kwa magogo, lakini pamba ilikuwa ikisubiri lori huko Mugeta. Fomeni na mimi tukaingia chini ya lori na magogo yetu. Gogo moja liliteleza, na chuma kile kikamwangukia kwenye goti la kushoto. Hakupiga kelele. Nilipomtoa alinishika kola, akasema, "Nimeanguka na baiskeli. Umesikia?" Nikasikia. Meneja, Maro na hata mke wa Fomeni waliambiwa ni baiskeli. Baada ya majuma kadhaa alirudi kazini akitembea vizuri, na hakuna aliyeuliza zaidi.

Baadaye nilihamishiwa Bunda, kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, chini ya mkuu wa mitambo aliyependa kila boliti ikazwe mbele ya macho yake. Kwake nilijifunza subira. Kisha zikaja enzi za ruksa, biashara ikaachiwa huru. Maduka yakajaa, ushirika ukayumba, wafanyakazi tukapunguzwa. Mimi nikafungua gereji yangu kando ya barabara, Fomeni akastaafu. Magari yaliyotumika Japani yakaanza kuingia mpaka Musoma, na siku moja kondakta wa basi aliniletea salamu: Sisi Wawili aje, picha ya kabatini imefika.

Nilikuta mbili uwanjani kwa muuza magari. Nyeupe ilikuwa ya sisi elfu moja na mia sita, gia tano za mkono. Nyekundu ilikuwa ya sisi elfu mbili, otomatiki. Fomeni alikuwa amevaa shati la kanisani. Maro na wazee wengine wawili wa karakana walikuwa wamemsindikiza, maana jambo lile lilikuwa letu sote.

Tulianza na nyekundu. Betri ilikuwa imelala, haikutoa hata mlio. Basi, kwa mazoea ya zamani, Fomeni akakaa kwenye usukani, nasi wanne tukaenda nyuma tukaanza kusukuma. Tuliizungusha uwanja mzima. Muuzaji, kijana mpole, alitukimbilia akiwa ameshika kichwa.

"Wazee wangu, hiyo haisukumwi. Hata mkiifikisha Bunda haiwaki."

Alikuwa sahihi, na mimi nilikuwa nimelisoma. Katika otomatiki nguvu hupitia kwenye mafuta ya giaboksi, na pampu ya mafuta hayo huendeshwa na injini yenyewe. Injini isipowaka hakuna msukumo, na magurudumu hayawezi kuizungusha. Nilijua, lakini mikono ilikuwa imetangulia.

Maro alijifuta jasho. "Si nilisema? Gari ya mgonjwa. Hata kusukumwa inakataaga."

Wote tukacheka, Fomeni kuliko wote. Muuzaji akaleta betri nyingine, nami nikaendelea na ukaguzi wangu. Nyeupe ilikuwa na kompresheni nzuri, yaani silinda zilibana hewa sawasawa. Nyekundu ilikuwa na mafuta ya gia mekundu, safi, yasiyonuka kuungua, dalili kwamba giaboksi haijateswa. Kwa injini, zote mbili zilifaa.

Tukatoka na nyeupe, Fomeni na mimi, kuelekea Butiama. Hapo ndipo nilipolikumbuka goti lile. Kila alipotaka kukanyaga klachi, aliushika mguu wa kushoto kwa mkono, juu ya goti, akausaidia kunyanyuka. Baada ya Makutano, njia panda ya Butiama, aliacha kabisa kubadili gia. Tulipanda na kushuka kwa gia ya pili, injini ikilia kama mbuzi aliyefungwa juani. Jasho lilimtoka. Hata hivyo alisema gari ni tamu.

Tuliporudi tukaondoka na nyekundu. Mguu wa kushoto aliulaza pembeni, na nilipomtazama usoni nilimwona kama alivyokuwa mbele ya lile kabati.

Uwanjani wazee walikuwa wanasubiri hukumu. Fomeni alisimama akiegemea nyeupe. "Sema, Sisi Wawili. Wewe ndiye unasomaga."

Nilijua uzito wa swali. Ningesema nyeupe, angeinunua, na gari la ndoto yake lingeishia kufunikwa turubai mlangoni kwake. Ningeutaja mguu, angeondoka pale akiwa mgonjwa mbele ya watu aliowafundisha kazi. Nikachagua kuzungumza juu ya injini.

"Nyekundu," nikasema. "Kwa sababu ya sisi. Kule kwako ni mlima, na sisi elfu mbili zinapanda bila kulia. Nyeupe umeisikia mwenyewe."

"Na kusukuma?" Maro akadakia. "Betri ikifa?"

"Atanunua nyingine, Maro. Siku hizi zipo dukani. Sisi hatukuipenda gia ya mkono kwa uzuri wake, tuliipenda kwa kuwa betri hazikuwepo."

Fomeni akanigeukia. "Na hiyo kubwa ingekuwepo ya mkono, ungenichagulia ipi?"

"Haipo, mzee. Tunachagua iliyopo."

Akaichukua nyekundu.

Nimestaafu sasa, na gereji ni ya watu wengine. Vijana huja kuniuliza sisi ngapi na gia zipi, nami huwajibu kwa jedwali. Lakini kabla ya kuifunua injini huwa naangalia mtu anavyoingia garini, mguu gani unatangulia na mkono unashika wapi. Hilo halikuwamo kwenye ukurasa wetu.

Jioni ile ya kununua gari, Fomeni alisisitiza kunirudisha Bunda mwenyewe. Tulipoiacha Makutano nyuma akauliza, macho yakiwa barabarani, "Habari ya baiskeli yangu, tunaijua wangapi?"

"Sisi wawili, mzee."

Akaitikia kwa kichwa na kukanyaga mafuta. Mlima ukaanza, na gari likabadili gia lenyewe.